Saa za Kifuani: Ukaribu wa Mama na Mtoto Njiti, kutoka Chunya hadi Meta

Mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa hai kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani huwagawa watoto hawa katika mafungu matatu: wa kati ya wiki 32 na 37, ambao ndio wengi, wa kati ya wiki 28 na 32, na wa chini ya wiki 28, ambao uhai wao hutegemea msaada mkubwa wa hospitali. Kwa makadirio ya mwaka 2020, watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani, karibu mmoja katika kila kumi. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo.

Wilayani Chunya, mkoani Mbeya, mtoto wa namna hii anaweza kuzaliwa popote: katika hospitali ya wilaya mjini Chunya, katika zahanati ya kijiji, au kambini kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kabla usafiri haujapatikana. Yapo mengi ya kueleza kuhusu matibabu yake. Hapa tunashughulika na jambo moja ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa la pembeni, nalo ni ukaribu wa mtoto huyo na mama yake. Ukaribu huo ni sehemu ya tiba, na kama dawa nyingine una kipimo chake, ambacho ni saa ambazo mtoto anakaa mwilini mwa mama. Anayetaka mama amzoee na kumpenda mtoto wake njiti, na aanze kwa kumpatia mama huyo saa.

Mama anapojifungua kabla hajawa tayari

Mimba ya miezi tisa humwandaa mwanamke kwa vituo. Mwezi wa saba na wa nane ndipo mtoto anapocheza kwa nguvu, mama anapozijua nyakati zake za kulala na kuamka, nguo zinaponunuliwa na jina kuanza kunong'onwa. Mama wa njiti hukatishwa hapo katikati. Mara nyingi hujifungua akiwa mgonjwa mwenyewe, kwa shinikizo la damu, kutokwa damu au maambukizi. Pengine amepasuliwa na hawezi kuinuka, na mtoto amekwisha kupelekwa chumba kingine.

Siku anapomwona, anamwona mtoto ambaye hakumtarajia. Ngozi ni nyembamba na nyekundu, mishipa inaonekana, vinyweleo laini vimefunika mabega na mgongo, masikio ni laini na yanakunjika kirahisi. Mrija umepita puani hadi tumboni. Halii kwa sauti, hamtazami mtu, karibu muda wote amelala. Mwanamke aliyezaa mara tatu kabla ya hapo anaweza kusimama mbele ya mtoto huyu asijue mkono auweke wapi. Wapo wanaoogopa kumvunja. Wapo wanaokwepa kumpa jina, wasije wakamzoea halafu akaondoka. Mama huyo huonekana mkavu wa moyo machoni pa watu, na maneno huanza. Ukweli ni kwamba anajikinga na msiba anaoudhani uko njiani.

Maneno yenyewe ni mazito. Mtoto asipoongezeka uzito, huwa kuna wa kusema amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kimwili mapema mno, na lawama humwangukia mama kabla hajatoka wodini. Wengine husema amerogwa. Na upo ule usemi kwamba mtoto wa miezi saba hupona ila wa miezi minane haponi ila kwa bahati. Si kweli, kwa sababu kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humwongezea nafasi ya kuishi. Sababu zinazojulikana za kuzaa kabla ya siku ni malaria katika ujauzito, kaswende na maambukizi ya mkojo au ya njia ya uzazi, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, upungufu wa damu, mimba ya mapacha, mimba za utotoni, na mimba zinazofuatana bila nafasi. Mara nyingi pia hakuna sababu inayopatikana. Kumweleza mama haya mapema, mumewe na mama mkwe wakiwa wamekaa pale pale, kunaondoa kizuizi kikubwa kati yake na mtoto, maana mtu anayejiona ndiye aliyemdhuru mtoto wake hupata shida kumkaribia.

Huzuni na wasiwasi baada ya kujifungua huwapata zaidi mama wa watoto njiti kuliko wengine. Mama asiyelala hata mtoto akiwa salama, asiyekula, anayelia bila kukoma au anayesema heri asingezaliwa, ni mgonjwa. Anahitaji kusikilizwa na kutibiwa kama wagonjwa wengine, na wodi ya wazazi ndiyo mahali pa kwanza pa kumtambua.

Utengano ulikotoka

Utaratibu wa kumweka mtoto chumba kimoja na mama chumba kingine ulitengenezwa na watu, tena si zamani sana. Miaka ya 1880 huko Paris, daktari Stéphane Tarnier alianza kutumia masanduku ya joto kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na vifo vikapungua. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliona upande wa pili wa jambo lilelile: mama waliotenganishwa na watoto wao kwa muda mrefu walipoteza hamu nao. Yeye alisisitiza mama wafike na kunyonyesha. Baadaye Martin Couney alizipeleka mashine hizo kwenye maonyesho. Huko Coney Island, New York, kuanzia mwaka 1903 hadi 1943, watu walilipa kiingilio kuwatazama watoto njiti ndani ya vioo. Watoto wengi walipona. Lakini picha iliyoenea duniani ni ya mtoto aliye mikononi mwa wataalamu, na mama akiwa nje anachungulia, na hospitali nyingi zilijengwa kwa mfano huo, kuta, milango na saa za kutembelea.

Mwaka 1972 huko Cleveland, Marekani, Marshall Klaus na John Kennell walichapisha utafiti wa mama 28, ambapo nusu yao waliongezewa saa 16 za kukaa na watoto wao katika siku tatu za kwanza. Waliopewa saa hizo walionekana kuwa karibu zaidi na watoto wao. Utafiti huu ulifungua milango mingi ya wodi, na kwa hilo unastahili shukrani. Ila ulizaa pia wazo lenye madhara, kwamba saa za kwanza zikipita basi mama amekwisha kuchelewa. Tafiti zilizofuata hazikuliunga mkono wazo hilo. Mama aliyekuwa chumba cha upasuaji, aliyezimia kwa kifafa cha mimba, au aliyebaki Chunya mtoto akitangulizwa Mbeya, hajapoteza kitu kisichoweza kupatikana tena. Anaanza siku atakayofika.

Mapinduzi yalitoka mahali penye uhaba. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine. Walilazwa wawili watatu pamoja, wakaambukizana, na baadhi yao mama zao waliwaacha hospitalini. Aliamua kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakinyonya maziwa ya mama, na akawaruhusu nyumbani mapema kwa masharti ya kurudi kliniki. Mwenzake Héctor Martínez aliendeleza kazi hiyo. Wakaiita kangaroo, kwa mfano wa mnyama wa Australia anayelea mtoto wake mfukoni, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo katika wodi zetu: mama yuko kangaroo, mtoto amehamia kangaroo.

Ushahidi

Wengine bado wanadhani kangaroo ni njia ya maskini wasio na mashine. Ilianza hivyo, haikubaki hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa watoto wenye uzito mdogo waliokwisha kutulia, kangaroo ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 40 ikilinganishwa na huduma ya kawaida. Swali likabaki kwa wale ambao bado hali zao hazijatulia. Jibu lilipatikana mwaka 2021, na Tanzania ilikuwa sehemu ya jibu hilo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki pamoja na hospitali nyingine nne za Ghana, India, Malawi na Nigeria, katika jaribio la watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama mtoto anahitaji oksijeni; kundi la pili lilisubiri mtoto atulie kwanza. Katika siku 28 walifariki asilimia 12 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ilitosha kusimamisha jaribio kabla ya muda, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima wengine.

Katika jaribio hilo, watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani kwa wastani wa saa 17 hivi kwa siku, na wa kundi la pili, wakati wakiwa mahututi, saa moja na nusu. Ili saa 17 ziwezekane, ilibidi hospitali ziweke vitanda vya mama ndani ya chumba cha watoto mahututi. Mwaka uliofuata, Novemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya: kangaroo ianze mara baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa pale mtoto asipoweza kupumua mwenyewe, au yuko katika mshtuko wa mwili, au anahitaji mashine ya kupumulia.

Kuhusu ukaribu wenyewe, kazi mbili zinafaa kutajwa. Nchini Israel, Ruth Feldman na wenzake walifuatilia watoto njiti 146. Nusu yao walipata walau saa moja ya kifuani kwa siku, kwa siku 14. Mama wa kundi hilo walikuwa na huzuni ndogo kuliko wa kundi lingine, waliwagusa watoto wao zaidi na walizielewa dalili zao vizuri zaidi. Miaka kumi baadaye watoto hao walilala vizuri zaidi, walihimili misukosuko kwa utulivu, na walipatana vyema na mama zao. Kolombia nako, Nathalie Charpak na wenzake walichapisha mwaka 2017 matokeo ya vijana 264 waliofuatiliwa kwa miaka 20: waliolelewa kwa kangaroo walikuwa na utoro mdogo shuleni na ukali mdogo, na wazazi wao walikuwa walezi wa karibu zaidi.

Maelezo ya kibayolojia hayana fumbo. Ngozi ya mtoto inapogusa kifua, ubongo wa mama hutoa oksitosini, homoni ileile inayosukuma maziwa na kutuliza mwili. Mtoto naye, anayeisikia tangu tumboni sauti ya mama na mapigo ya moyo wake, hutulia; moyo na pumzi hukaa sawa, na nguvu ambazo angezitumia kupambana na baridi huenda kwenye kukua. Mama anauona uzito ukipanda kwenye mizani. Mtu anayeona mkono wake unamponya mtoto haachi kuurudisha mkono huo.

Namna inavyofanywa

Mtoto huvuliwa akabaki na nepi, kofia na soksi. Mama hufungua blauzi na kuvua sidiria. Muuguzi humweka mtoto wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike. Kidevu kikiinamia kifuani, mtoto hukosa hewa kimyakimya, hivyo hapa ndipo jicho la muuguzi linapokaa. Miguu hukunjwa na kutanuliwa kama ya chura, mikono nayo hukunjwa. Kisha kitenge kinazungushwa: ukingo wa juu hufika chini ya sikio la mtoto, sehemu inayokaza hupita juu ya kifua chake, na tumbo huachwa lina nafasi, maana njiti hupumua kwa tumbo. Fundo hukazwa mgongoni au ubavuni mwa mama. Mama akisimama, mtoto asiteleze.

Mara ya kwanza huwa ngumu. Mama anakaa amekakamaa, hapumui vizuri, macho hayabanduki kwa mtoto. Muuguzi mwenye uzoefu hamwachi dakika hizo. Humwekea mto mgongoni alale nusu kukaa, humwonyesha tumbo la mtoto likipanda na kushuka, humwambia, "Mama, weka kiganja hapa mgongoni kwake, kitulize tu, usimpapase." Baada ya muda mabega ya mama hushuka. Kipimajoto huwekwa, na joto la mtoto lililokuwa chini ya 36.5 linaonekana limepanda. Ni vizuri mama asomewe namba hiyo yeye mwenyewe.

Pacha wawili huweza kubebwa pamoja, kila mmoja upande wake. Huko Chunya, ambako familia za Kisukuma ni nyingi, pacha huitwa Kulwa na Doto, hivyo majina huwa yapo tayari, na hilo lina faida yake: hakuna mtoto anayebaki bila jina. Kwa wengine wauguzi wema huhimiza mama achague jina mapema na kumwita mtoto kwa hilo jina, badala ya kumwita kwa namba ya kitanda au "yule wa kilo moja na nusu."

Maziwa

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo mtoto hulishwa kwa mrija, na baadaye kwa kikombe kidogo. Hapa mama wengi huona wamepokonywa kazi yao, kumbe ndipo wanapohitajika kuliko popote. Maziwa ya mama aliyejifungua mapema yana protini na kinga nyingi zaidi, na dang'a ya siku za mwanzo, hata ikiwa matone, humkinga mtoto na ugonjwa wa utumbo unaoua njiti wengi.

Kukamua huanza ndani ya saa chache baada ya kujifungua, mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Ni kazi ya kuchosha, na matone ya siku ya kwanza humvunja mama moyo. Mama akikamua huku mtoto yuko kifuani, au mara tu baada ya kangaroo, maziwa hutoka kwa wepesi zaidi. Wakati wa kulisha kwa mrija, mama ndiye ashike sindano yenye maziwa, muuguzi akiwa kando. Mtoto aruhusiwe pia kulamba titi lililokwisha kukamuliwa: hajashiba kwa hilo, lakini anajifunza kwamba shibe inaendana na harufu ya mama yake.

Dalili za njiti

Mtoto aliyetimiza siku zake hulia na kila mtu akaelewa. Njiti huongea kwa mwili. Akitanua vidole, akikunja uso, akipiga kwikwi au chafya mfululizo, akigeuza macho, akibadilika rangi, anasema nimechoka, acheni. Akileta mkono mdomoni, uso ukilegea, akifumbua macho na kutulia, yuko tayari kusikia sauti au kunyonya. Mama akizijua dalili hizi, zile siku za kudhani mtoto hamtaki huisha. Kumpapasa kwa ncha za vidole humkera. Anapenda mguso mzito uliotulia, kiganja kimoja kichwani na kingine kikikusanya miguu. Anachokisikia vyema ni sauti ya chini, hata kama ni ya sala au ya hadithi ya nyumbani. Taa kali na vyuma vinavyogongana humchosha, na wodi inayojali hupunguza vyote viwili.

Mimi naliona somo hili kuwa ndilo kiini cha kazi yote, na ndilo linalorukwa kwa urahisi zaidi wodi ikijaa. Kumfunga mtoto kifuani kunafundishika kwa nusu saa. Kumsoma mtoto kunahitaji mtu wa kukaa na mama, kutazama pamoja naye, na kumwambia umeona alivyofanya hapo?

Barabara ya mlimani

Njiti wa Chunya asiyetulia hupewa rufaa kwenda Mbeya mjini, katika Hospitali ya Wazazi Meta, iliyo sehemu ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ni kilomita zipatazo 70 za lami, lakini njia hupanda safu ya milima ya Mbeya, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, kabla ya kuteremkia mjini. Chunya kuna joto. Kule juu kuna ukungu na upepo, na Juni hadi Agosti baridi yake ni kali. Mtoto wa kilo moja na nusu, asiye na mafuta chini ya ngozi, aliyeviringishwa blanketi peke yake, hufika Meta amepoa, na kupoa kunatosha kumuua. Akipanda gari akiwa amefungwa kifuani kwa mama, kofia kichwani na blanketi juu yao wote wawili, hufika na joto lake. Mama akiwa hawezi kusafiri, kifua cha baba, cha bibi au cha muuguzi hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa wale wa mbali zaidi, Mafyeko au Kambikatoto upande wa Rungwa, safari huanza saa nyingi kabla ya kufika Chunya. Mfumo wa M-Mama, uliotangazwa kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, huwapatia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga usafiri wa dharura. Simu yake ni 115 na haina malipo. Pale gari la wagonjwa halipo karibu, huitwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa. Dereva huyo naye anapaswa kujua kwamba mtoto hapaswi kutolewa kifuani hadi afike mlangoni.

Kosa kubwa la rufaa ni kumpeleka mtoto leo na mama keshokutwa. Mara nyingine halikwepeki. Likitokea, daraja ni simu na maziwa: mama akamue ili yasikauke, apigiwe aelezwe mtoto ameamkaje, atumiwe picha kama familia inaridhia, na mtu mmoja wa nyumbani, si kila siku mtu mpya, akae kifuani hadi yeye afike.

Nani analipia saa hizo

Saa 8 hadi 24 kwa siku, kwa wiki tatu au sita. Huko nyumbani kuna watoto wengine, mahindi yanasubiri palizi, tumbaku iko kwenye bani la kukaushia, na mume yuko duarani, kwenye shimo la dhahabu. Mama yuko Meta na kitenge kimoja, akingoja ndugu walete chakula kutoka ng'ambo ya mlima. Huduma ya uzazi na ya watoto wadogo katika vituo vya serikali kisera ni bure, lakini uji wa mama, sabuni, nauli ya dada wa kumpokea, na mtu wa kulisha waliobaki nyumbani havimo humo. Mama akiomba kuruhusiwa kabla ya wakati, wodi huandika kuwa amekataa huduma. Mimi ningeandika kuwa ameishiwa chakula.

Ndiyo maana baba na bibi si wageni wa kuchungulia dirishani. Kifua cha baba kina joto la kutosha, na baba aliyembeba mtoto wake kwa saa mbili hawezi tena kuambiwa na majirani kwamba huyo si wa kuishi. Katika mila zetu nyingi mwanamume hukaa mbali na chumba cha mzazi, na wodi zenye vitanda vilivyobanana na mama waliofungua vifua hazimpi pa kuketi kwa heshima. Pazia na kiti vinatosha kuanza. Bibi, ambaye neno lake nyumbani ndilo hutawala mambo ya uzazi, akishika kangaroo mara moja hugeuka mtetezi wake mkubwa.

Upande wa sheria kumekuwa na hatua ya kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, na mama wa njiti alikuwa akizimalizia nyingi wodini. Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa mwaka 2015 na mwanamke ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ilipigania hilo kwa miaka. Mabadiliko ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yanamwongezea mama kipindi kilichobaki hadi mimba ingetimiza wiki 40. Ni haki iliyochelewa na inafaa kila mwajiriwa aijue. Lakini wanawake wengi wa Chunya hawana mwajiri. Mama lishe wa Makongolosi na mwanamke anayeponda mawe karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wataongezewa saa na kitu kingine: chakula wodini, chumba cha mama wanaolala karibu na watoto wao, nauli, vikundi vya kinamama na misikiti na makanisa yaliyoamua kuchangia.

Baada ya kuruhusiwa

Mtoto huruhusiwa anapoongezeka uzito mfululizo, ananyonya au kulishwa vizuri, joto limekaa, na mama mwenyewe anajiamini. Kangaroo huendelea nyumbani hadi mtoto akaribie kilo 2.5, au aanze kujinyonganyonga kutaka kutoka. Hapo ameamua mwenyewe. Moshi ni adui wa mapafu yake: alale mbali na jiko la kuni na bani la tumbaku. Katika nyumba za wachimbaji lipo la ziada. Kuchoma dhahabu iliyoshikwa kwa zebaki hutoa mvuke wenye sumu inayodhuru ubongo, na hauonekani. Kazi hiyo isifanyike kabisa mahali anapolala mtoto, wala nguo zilizotumika huko zisimguse.

Arudishwe kituoni haraka akikataa kunyonya, akiwa baridi au na homa, akipumua kwa shida au akisimama kupumua, akiwa na degedege, akilegea, au njano ikishuka hadi viganja na nyayo. Waliozaliwa mapema sana au waliotumia oksijeni wapimwe macho kwa muda watakaopangiwa, kwa kuwa tatizo la retina likigunduliwa mapema hutibika.

Kliniki humpa mama kadi yenye tarehe ya kuzaliwa, na chanjo hufuata tarehe hiyo. Ukuaji hupimwa tofauti. Mtoto aliyezaliwa wiki nane kabla ya siku yake, akifika miezi sita hupimwa kama wa miezi minne: kama hajakaa bado, hajachelewa. Hesabu hii hutumika hadi karibu miaka miwili. Mama aelezwe hivyo siku ya kuruhusiwa, na iandikwe kwenye kadi kwa kalamu, ili hata muuguzi mpya wa zahanati aione kabla ya kusema neno.